Waliokataa Kumfungia Peg Mapazia

Benchi letu liko Mtaa wa Sparrow, Rochdale, chini ya kibanda cha basi ambalo liliacha kupita zamani, kati ya duka la kufulia nguo na duka la samaki na chipsi. Kila asubuhi, mvua iwepo isiwepo, na huku kwetu huwa ipo, tunakaa pale wanne na chupa ya chai ya Thelma. Thelma tunamwita Malkia, maana hata biskuti haombi, anaamuru. Carlton ni Jaji: aliwahi kuitwa mara moja kuwa mzee wa baraza mahakamani, kesi ya mtu aliyeiba baiskeli, na tangu hapo hajashuka kwenye kiti. Clifford ni Kocha, alifundisha watoto mpira mpaka goti likamkataa. Mimi ni Doreen, wananiita Birika kwa sababu nachemka upesi, na asubuhi hiyo nilifika benchini nimeshachemka. Usiku uliotangulia Cinder Row walikuwa wamemzika Peg Hathersage. Cinder Row ni tamthilia, tunaitazama tangu televisheni hazijapata rangi, na mtaa wao mzima ulikuwa umemsusia Peg maziko. Sikulala. Nilipiga simu kituo cha televisheni, nikamfokea binti aliyepokea mpaka akaniahidi kwamba malalamiko yangu yatafika kwa wahusika. Kulikuwa na jambo jingine pia, ila tuliliona dogo. Mama mmoja wa namba thelathini na moja, mtaani kwetu, alikuwa amefariki wiki iliyopita. Hana ndugu, manispaa ndiyo inamzika, na gari la maiti lingepita hapo kesho yake asubuhi. Tangazo lilibandikwa kwenye kioo cha kibanda, nyuma ya migongo yetu.

— Hata pazia moja! nikasema kabla sijakaa. Hata moja, Malkia! Mwanamke kakaa pale miaka arobaini na kitu, kawalelea watoto, kawazikia waume, leo anapita kwenye jeneza na mapazia ya watu wote yako wazi!

— Kaa chini, Birika, utapasua mshipa, akasema Kocha.

— Sikai!

Nikakaa. Miguu ilikuwa inauma.

Kwetu sisi jambo hilo halina mjadala. Gari la maiti likipita, mapazia ya mbele yanafungwa nyumba hadi nyumba, na mwenye nguvu anatoka kusimama mlangoni. Hata kama marehemu alikuwa mchawi. Hata kama alikudhulumu. Unafunga pazia, basi, mengine utayasema jioni.

Malkia alikuwa anamimina chai kwa hasira.

— Lorraine Stott yule, jirani wa Peg! Niulizeni mimi, jana nimeona kila kitu na nimesikia kila neno, maana kwangu kulikuwa kimya, hakuna makelele ya ukutani. Nilitazama kwa raha zangu kama mtu na akili yake. Lorraine kasimama dirishani. Gari la maiti liko mbele ya mlango wake kabisa. Mkono uko kwenye pazia, mnanisikia? Mkono kwenye pazia! Kaliachia. Kaenda zake jikoni kukaanga soseji.

— Soseji! Jaji akajipiga paja. Maiti inapita, mtu anakaanga soseji!

— Na mumewe kafungua baa, akasema Kocha. Gavin. Mashindano ya vishale, saa ile ile ya maziko, bia bure. Unafikiri nani angekwenda kanisani? Ile mechi iliuzwa mapema.

— Na yote kwa sababu ya pipa la taka, nikasema. Pipa la taka, jamani! Peg kamwambia Lorraine ukweli, kwamba pipa lako linalala njiani wiki nzima, mama wa watu kajikwaa. Uongo?

— Kweli tupu, akasema Malkia.

— Basi huyo ndiye wa kumsusia? Peg, aliyekuwa wa kwanza kugonga mlango ukiumwa? Aliyekuwa akiona chupa yako ya maziwa bado iko mlangoni mpaka mchana anakuja kuuliza kulikoni?

— Watu hawana shukrani, akasema Jaji. Ila mimi nina ushahidi ambao nyinyi hamjauona.

Tukajua sasa ameanza. Jaji akisema ana ushahidi hujifuta mdomo kwanza kwa leso, na leso ilikuwa mkononi tayari.

— Wale vijana wanne waliobeba jeneza. Mliwaangalia? Walilibeba kama trei ya mayai. Peg mwanamke mzima, mapana haya hapa. Nauliza mahakama: uzito ulikwenda wapi?

— Unataka kusema nini?

— Jeneza tupu. Peg hajafa. Peg yuko Hispania na Horace.

— Horace gani? Muuza nyama?

— Yule yule. Alitoka kwenye tamthilia mwaka gani ule, akasema anakwenda kwa dada yake, hajarudi. Dada gani asiyeishiwa na maneno miaka yote hiyo? Wako juani wale, wanakula machungwa.

— Carlton, usinitie wazimu asubuhi, akasema Malkia. Nimelia mpaka macho yamevimba, unaniambia anakula machungwa?

— Mimi nakubaliana na nusu yake, akasema Kocha. Jeneza halikuwa na Peg. Lakini halikuwa tupu. Ndani yuko Ronnie.

— Ronnie mume wa Peg? Si alipotea ule mwaka wa theluji?

— Alipotea wapi? Alikwenda baa, hakutoka. Wiki hiyo hiyo baba yake Gavin akamwaga saruji chini kwenye stoo ya bia. Mlisahau? Mimi sisahau. Mtaa mzima unajua. Sasa wamemfukua, wamempitisha kwa jina la Peg. Ndiyo maana hakuna aliyefunga pazia. Utafungaje pazia kwa mtu uliyemzika mwenyewe?

— Mungu wangu, nikasema, maana kwa muda mfupi iliniingia akilini. Halafu hasira ikarudi. Hapana! Mnawatafutia watu visingizio. Hakuna Hispania, hakuna saruji. Ni roho mbaya. Wale waandishi wa tamthilia hawapendi bibi vizee, ndiyo yote. Wakiona mwanamke amezeeka wanamuua, na wakishamuua hawataki hata tumlilie na wenzetu. Nikimpata mmoja wao hapa nampiga na mwavuli mpaka uvunjike.

— Piga na wangu pia, akasema Malkia.

Jaji alikuwa ameinua kidole kitambo.

— Rufaa, akasema. Nabadilisha ushahidi. Mnakumbuka ule mlipuko wa gesi?

— Tunakumbuka.

— Nyumba zote za Cinder Row ziliruka. Kesho yake wote wako baani, hakuna hata aliyekwaruzwa. Nani peke yake hakuwepo usiku ule? Peg. Alikuwa Blackpool. Sasa nawauliza, tangu hapo mmewahi kumwona Lorraine anakula? Anakaanga, anakaanga, sahani anawawekea wengine. Gavin mmewahi kumwona analala? Yule mtoto wao mmewahi kumwona anakua?

— Hebu sema unalosema.

— Walikufa wote. Peg ndiye aliyekuwa mzima peke yake. Mtaa mzima wa wafu, na yeye kila asubuhi anawasalimia. Wafu hawafungi pazia, bwana. Hawajui kama kuna mtu kapita.

Malkia akatema chai. Ilimwagikia Kocha kwenye suruali, Kocha akaruka, goti likamkumbusha, akatukana. Mimi nilikuwa namwambia Jaji aondoke na leso yake kabla sijamnyonga nayo, na Malkia anasema hatapewa biskuti tena mpaka atakapoomba radhi kwa Peg, tena kwa jina. Tulipiga kelele mpaka mwenye duka la samaki akachungulia.

Katikati ya zogo hilo ndipo tulipomwona yule mwanamke. Alikuwa mtu mzima wa makamo, kajitanda mtandio wa kijivu, koti la mvua, mwavuli umefungwa na maji yanamtiririka usoni, kama mtu aliyegonga milango mingi bila kukaribishwa ndani.

— Samahani, wazazi wangu. Naitwa Nasreen. Nimekuja kwa habari za yule mama. Mambo ya mazishi.

Tukaliacha zogo pale pale.

— Nimeuliza mtaa mzima, akasema, hakuna anayejua. Pale kwa samaki wakaniambia, nenda benchini, wale wanamjua kila mtu.

Nikainuka. Nilihisi nimekua kwa urefu.

— Mnaona? nikawaambia wenzangu. Usiku nimepiga simu. Wamemtuma mtu!

— Ilikuwa ni lazima waje, akasema Malkia. Karibu, binti. Sogea, Kocha, mpishe akae. Mnapaswa kuona haya nyinyi, unajua?

— Najua, akasema Nasreen taratibu. Mtu kuondoka hivyo, peke yake. Hata mimi imeniuma. Mlimfahamu vizuri?

— Kumfahamu! nikasema. Zaidi ya dada yangu wa tumbo moja!

— Basi niambieni. Chochote. Nataka kumsemea, watu wamjue alikuwa nani.

Nani atuzuie? Hakuna mtu wa televisheni aliyewahi kutuuliza. Malkia akaanza na chai: alitia maziwa kwanza, kisha chai, na ukimtilia vingine alikunywa kwa adabu halafu anamwaga kwenye maua. Kocha akaeleza alivyosugua kipandio cha mlango wake kila Ijumaa, kapiga magoti, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kukwaruza, mpaka watoto wakaacha mpira kumsikiliza. Jaji akasema aliogopa mabata bukini, tangu alipofukuzwa nao shambani kwa bibi yake akiwa mdogo, hata picha yao hakutaka kuiona. Mimi nikamwambia habari ya viatu. Viatu vyake vya arusi aliviweka kwenye oveni, hakuviweka kabatini, kwa kuwa aliamini nyumba ikiungua oveni haiungui. Nikamwambia na ya mtoto aliyempoteza, yule asiyetajwa, na jinsi kila mwaka siku hiyo alivyooka keki ndogo akaigawa mtaani bila kusema ni ya nini.

Nasreen alisikiliza bila kusogea. Nilipofika kwenye keki alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

— Nimefanya kazi hii muda mrefu, akasema. Watu wengi nikiwauliza juu ya jirani wanaangalia viatu vyao. Sijawahi kukutana na majirani kama nyinyi. Mungu awabariki. Haya yote nitayasema kesho.

— Kesho? akasema Kocha. Kwani kesho wanarudia? Mazishi yalikuwa jana.

— Hapana, baba. Ni kesho, saa tatu asubuhi. Gari litapita hapa hapa kwenu.

— Gari la nani?

— La Bi. Ivy. Ivy Pilling. Namba thelathini na moja.

Akanyoosha kidole nyuma yetu, kwenye kioo. Tukageuka wote wanne. Lilikuwepo tangazo lenye jina kubwa kabisa, herufi nyeusi, na mvua haikuwa imelifikia.

Mimi ndiye niliyepiga kelele kwanza. Siwezi kusema nilikuwa na haki.

— Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Unakuja kuwachezea wazee akili? Unasema yule mama, yule mama, tungejuaje ni yupi?

— Nimeuliza habari za jirani yenu aliyefariki, akasema Nasreen, na sasa sauti yake ilikuwa imekaza. Wamefariki wangapi?

Jaji akageuka tena kusoma tangazo.

— Kwa hiyo mabata? Nasreen akauliza.

— Ya Peg, akasema Jaji kwa sauti ndogo.

— Peg ni nani?

— Wa... wa kwenye televisheni.

Nasreen akatutazama mmoja mmoja. Nilitamani atutukane. Nilikuwa tayari kutukanana naye, ningejisikia nafuu.

— Mimi ndiye ninayesema maneno ya mazishi kwa watu wasio na mtu, akasema. Kesho nitasimama mbele ya jeneza lake, na viti vyote vitakuwa vitupu. Ninachojua ni jina na mwaka aliozaliwa. Hapa nimekaa nikadhani nimepata mtu kamili, na keki zake na nyimbo zake. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda. Basi nipeni kitu kimoja. Kimoja tu, cha kweli.

— Alikuwa na koti la buluu, nikasema.

— Yule alikuwa nesi wake, akasema Jaji.

— Alikuwa mrefu, akasema Kocha.

— Mfupi! nikamfokea. Alipita hapa mbele kila Jumanne na kikapu cha magurudumu.

— Huyo ni wa namba arobaini, wewe! Jaji akadakia.

— Sasa mbona unanifokea mimi? Kocha akawaka. Muulizeni Malkia! Malkia yuko namba ishirini na tisa, kapakana naye ukuta! Mimi niko mwisho wa mtaa, yeye kalala kichwa kwa kichwa na mtu na hajui hata jina!

— Na wewe uliyafundisha mpira matoto ya mtaa mzima, umewahi kuyatuma yakamfagilie theluji? Malkia akamrudishia.

— Usiniingizie matoto!

— Nakuingizia!

Nikamwambia Jaji kwamba yeye na wafu wake ndio wametufikisha hapo, akaniambia mimi na simu yangu. Tuligombana vibaya, si kama tunavyogombana siku zote. Nilimwona Kocha anatafuta fimbo yake aondoke na nikajua akiondoka hatarudi kesho. Nasreen alikuwa ameshasimama.

Malkia akaweka kikombe chini.

— Alikuwa anatazama Cinder Row, akasema.

Tukamgeukia.

— Ule muziki wa mwanzo, nilikuwa nausikia kwangu na kwake kwa pamoja. Masikio yake yalikuwa yamekufa nadhani, alifungua sauti mpaka vikombe vyangu vinacheza. Makelele ya ukutani, ndivyo nilivyomwita. Nilikuwa na ufagio tayari pale kwenye kiti. Nikapiga ukuta kwa mpini, akapunguza. Baada ya muda akasahau, akapandisha, nikapiga. Miaka yote hiyo. Ndiyo salamu zetu.

Nikakumbuka alivyosema asubuhi ile, kwamba jana kulikuwa kimya na alitazama kwa raha zake. Yeye pia alikuwa amekumbuka, nilimwona mdomo unavyompinda.

— Usiku Peg alipokufa, akasema, sio jana, ule usiku wenyewe wa kufa, Lorraine alipokataa kumfungulia mlango. Huyu wa ukutani alikuwa anafoka. Anaigombeza televisheni, peke yake, kwa sauti yake yote. Sijawahi kumsikia hivyo.

— Alisema nini? akauliza Nasreen.

— Sikusikia. Nilikuwa nafoka na mimi.

Mvua iliongezeka juu ya bati la kibanda. Nasreen akarudi, akainama mbele ya Malkia akamshika mkono.

— Hilo linanitosha, mama, akasema. Hilo naweza kulisemea. Niambie tu hili moja. Alikuwa upande wa nani? Wa Peg, au wa yule Lorraine?

Kocha akaangalia viatu vyake. Jaji akajifuta mdomo kwa leso.

— Bila shaka alikuwa wa P...

— Usithubutu! Malkia akamkemea, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa hasira. Usithubutu, Carlton! Hujui! Hakuna anayejua!

Jaji akakunja leso, akaitia mfukoni. Nasreen akafungua mwavuli wake akaondoka kuelekea namba thelathini na moja. Nyumba ile inaonekana vizuri ukikaa benchini, mlango wa kijani na dirisha moja la mbele. Mapazia yalikuwa wazi. Chai ilikuwa imebaki nusu chupa na hakuna aliyetaka kumiminiwa.